Mzee Halisi na Kikohozi cha Mwanasarakasi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuinama juu ya mashine zetu, fundi mkuu wa ukumbi huu, ambaye sote tunamwita Mzee Halisi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kuanzia Jumatatu koti lake la buluu halitakuwepo tena kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa karakana. Sisi tunaobaki itabidi tujifunze kuishi bila kuulizwa kila asubuhi, salamu hata haijaitikiwa: "Halisi au hadaa?"

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu ndiye ninayeandika, kwa lugha mbili, kadi za maelezo zinazokaa juu ya kila mashine. Mama Mkubwa, ambaye ni meneja wetu na pia dada mkubwa wa mama yangu, alisema, "Wewe si huongei? Basi andika." Kweli siongei. Lugha zote mbili nilizosomeshwa hunitoroka kwa pamoja pale tu watu watatu wanaponitazama, na hurudi nikishika kalamu. Basi niliandika wasifu mzuri, wenye mafanikio na methali zake, nikaumaliza Ijumaa iliyopita. Jumamosi likatokea la kutokea. Nilipourudia ule wasifu niliona haya, kana kwamba nimemsifu mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Huu mnaousoma ni wa pili. Mkiona mahali mwandiko umeyumba, mniwie radhi, mshtuko haujanitoka.

Kwa wageni watakaoshika jarida hili bila kutujua: ukumbi wetu ni wa mashine za zamani za pinboli. Pinboli ni kabati la mbao lenye miguu minne na kioo juu. Chini ya kioo kuna ubao uliolala mteremko, umejaa taa, nguzo na milango midogo. Unarusha gololi ya chuma kwa springi, nayo inagongagonga njia yake kurudi chini, na wewe una vipigio viwili tu, kushoto na kulia, vya kuizuia isitumbukie shimoni. Ni hivyo tu. Watu wazima wenye vyeo vyao wametoka humu wamelowa jasho na kununiana.

Mzee Halisi aliingia hapa akiwa kijana mwenye nywele. Ushahidi upo kwenye picha ya ofisini. Alikuwa anatengeneza redio kwenye kibanda cha mjomba wake. Aliyemwajiri ni marehemu babu yangu, mwanzilishi wa ukumbi, ambaye siku ya kwanza alimwonyesha mashine iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku, akamuuliza kama itapona. Inasimuliwa kwamba kijana aliingiza kichwa chote ndani, akakaa humo kitambo, kisha akatoka na yai mkononi. "Itapona," akasema. "Lakini hiki si kipande chake."

Tangu hapo hakuacha. Mashine ile iliyotaga mayai inachezwa mpaka leo, ni ya pili kushoto ukiingia. Amefufua nyingine ambazo wenyewe walishazitupa, moja ikiwa haina hata miguu. Amewahi kusafiri siku nzima kufuata kipigio kimoja, akakinusa, akasema ni hadaa, akarudi mikono mitupu huku anapiga mluzi. Ndiyo, alikuwa ananusa. Mpira wa kiwandani wa zamani, anasema, unanuka kama kabati la bibi, na wa bandia unanuka kama viatu vipya. Waliomwona akiwa amefumba macho na kipande puani walidhani anaswali.

Karakana yake ina sheria mbili, na kila aliyepita humo anazijua kuliko jina lake. Ya kwanza: kipande halisi hakitoki kwenye mashine yake. Hata kikivunjika, hata kikifa kabisa, hufungwa kwenye kitambaa cheupe na kulazwa tumboni mwa mashine ileile, ili siku moja atakayeifungua ajue ilizaliwa na nini. Ya pili: bandia ikishatolewa, hailali humu. Inakwenda moja kwa moja kwenye pipa la nyuma, na kutoka pipani inakwenda kwa mama wa vyuma chakavu.

Sheria hizi hakuziacha kazini. Mwaka ambao jino lake la mbele liling'oka akawekewa la bandia, hakucheka wiki nzima, akidai mdomo wake umeshuka thamani. Lile jino la zamani alilifunga kwenye kitambaa cheupe, akalitia mfuko wa ndani wa koti. Halitoki kwenye mashine yake. Fundi msaidizi, tunayemwita Spana kwa urefu na wembamba wake, anaapa kwamba limo humo mpaka leo. Na rafiki yake mchoraji wa mabango, aliyeamua kwa moyo safi kabisa kumwongezea rangi ya mdomo mwanamke aliyechorwa kwenye kioo cha mashine mojawapo, bado anapita mtaa wa pili akituona. Mzee Halisi hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mwanangu, na wewe nikuongezee pua?" Kisha akakaa na pamba akifuta rangi ile kidogokidogo, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Mwanamke huyo wa kwenye kioo ndiye Mwanasarakasi, na mashine inaitwa kwa jina lake. Ni ya mwisho kabisa ukumbini, karibu na dirisha. Anasimama kwa mguu mmoja juu ya farasi, mikono ameitandaza, anamcheka mtu ambaye hatumwoni. Ni mashine yetu nzuri kuliko zote. Na ndiyo peke yake iliyokuwa na aibu.

Tumboni mwa mashine hizi kuna vyuma vitatu vilivyopangwa kama ngazi fupi, na nyundo ndogo huvipiga kila pointi zinapoingia. Cha kwanza husema ti. Cha pili husema ting. Cha tatu, cha pointi elfu, kinatakiwa kuitikia tong, kama kijiko kwenye bilauri ya kioo. Cha Mwanasarakasi kilikuwa kinasema ghoh. Wageni walikuwa wanageuka. "Mbona hii inakohoa?" Tukakiita Kikohozi. Kilikuwa kipande cha springi ya lori, kimekatwa kwa msumeno na kutobolewa matundu mawili, na aliyekiweka humo ni Mzee Halisi mwenyewe, miaka ile mimi sijazaliwa.

Hakukificha. Kwenye kadi ya mashine hiyo alinilazimisha niandike, kwa lugha zote mbili: "Vipande vyote ni vya kiwandani, isipokuwa chuma cha tatu cha mlio." Mama Mkubwa hiyo "isipokuwa" ilikuwa inamuuma kama mwiba. Kila mwaka aliuliza, kama babu yangu alivyouliza kabla yake: "Mzee, bado hakijapatikana?" Na kila mwaka Mzee Halisi alijibu, "Bado." Sisi tukasema, mganga hajigangi. Tulimhurumia. Tuliona huyu mzee atastaafu na bandia yake moja rohoni, kama mwalimu mkuu ambaye mtoto wake hajui kusoma.

Ndipo tukapanga kumfurahisha.

Mama Mkubwa alitoa wazo. Mimi nikaandika barua pepe, kwa ile lugha yangu ya pili, kwa wakusanyaji wa mashine za zamani wa nchi za mbali. Spana alifungua tumbo la Mwanasarakasi, akatoa kwenye kitambaa cheupe kile chuma cha kiwandani kilichopasuka zamani, tukakipiga picha na alama zake zote. Mkusanyaji mmoja akajibu kwamba anacho pacha wake. Kilipofika, kimefungwa kwenye pamba kama dhahabu, tulikinusa. Tulikipima. Tuliulizana, halisi au hadaa, tukicheka kwa sauti ya chini kama wezi. Kilikuwa halisi. Alhamisi, Mzee Halisi akiwa ametumwa kwa makusudi kupokea mzigo usiokuwepo, Spana alifungua, akatoa Kikohozi, akafunga kile kipya, cha tong. Jicho lake lilikuwa mlangoni muda wote, anasema. Kikohozi kikaenda pipani, na jioni ileile mama wa vyuma chakavu akakipitia. Ijumaa Mama Mkubwa akampa Mzee mapumziko, asije akasikia kabla ya wakati. Bandia hailali humu. Tulifuata sheria zake zote mbili, hakuna tuliyoruka, na hilo ndilo linalonishtua mpaka sasa.

Jumamosi tukaandaa chai na keki. Binti wa Mzee Halisi naye alikuja. Wengi wenu mnamfahamu: ni mshonaji wa sare za shule, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anapompitia baba yake jioni hucheza naye raundi moja ya Mwanasarakasi kabla hawajaenda nyumbani. Baba akicheza, yeye huweka kiganja ubavuni mwa kabati. Yeye akicheza, hubana viganja vyote viwili kwenye mbao huku vidole viko kwenye vibonyezo. Tulidhani anaegemea. Akitabasamu pointi zikiingia, tulidhani anafuata taa. Nimefanya kazi hapa likizo zangu zote, nimemwona hivyo mara nyingi mno, na mimi ni mtu wa kutazama kwa sababu siongei. Hata mara moja sikujiuliza kwa nini kiziwi, katika ukumbi mzima, ameipenda mashine yenye mlio mbaya.

Mama Mkubwa alisimama juu ya kiti. "Mzee wangu, miaka yote umetupigia kelele. Leo sisi tunakupigia makofi. Humu ndani sasa hakuna bandia hata moja! Cheza!"

Mzee Halisi alicheka kwa kufunika mdomo, ile tabia ya jino. Akasogea kwenye mashine. Binti akaweka kiganja mahali pake. Gololi ikapanda, ikashuka, ikagonga. Ti. Ti. Ting. Kisha, safi kabisa, kama kitu kilichotoka kuoga: tong.

Tulipiga makofi. Spana alipiga mbinja. Mimi nilipiga makofi, na mimi sipigi makofi mbele za watu.

Gololi ikarudi chini katikati ya vipigio, ikatumbukia, na Mzee Halisi hakubonyeza chochote. Binti alikuwa ameinua kiganja chake anakitazama, kama mtu anavyotazama saa iliyosimama. Akakiweka tena, chini zaidi. Baba akarusha gololi ya pili. Tong. Binti akahamisha kiganja mbele. Tong. Akapiga magoti, na gauni lake zuri lile, akalaza shavu ubavuni mwa Mwanasarakasi. Tong, tong. Akamtazama baba yake, akauliza kwa mikono. Hata sisi tusiojua lugha ya alama tulielewa. Alikuwa anauliza kama imezimika.

"Kiko wapi?" Mzee Halisi akasema.

"Kipi, Mzee?" Spana alikuwa bado anatabasamu.

"Kikohozi."

"Aa, kile! Kimekwenda zake, Mzee. Bandia hailali humu, si wewe uliyetufundisha?"

"Kimekwenda wapi?"

"Kwa mama wa chakavu. Tangu Alhamisi." Tabasamu likaanza kumtoka Spana kuanzia upande mmoja. "Kwani vipi, Mzee?"

Mzee Halisi alikaa juu ya kreti la soda. Mama Mkubwa akashuka kwenye kiti, kisu cha keki mkononi. "Mzee, hujakipenda? Ni cha kiwandani! Kimetoka ng'ambo! Tumekinusa!"

"Ni halisi," akasema. "Sina neno nacho. Ni halisi kabisa." Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya koti, akaifuta, akaifuta, na miwani haikuwa na uchafu kiasi hicho.

Aliyetueleza ni binti mwenyewe, kwa mikono yake, baba akitafsiri huku ametazama sakafu. Mama yake alikuwa muuguzi wa zamu, kwa hiyo yeye alilelewa humu humu ukumbini, katikati ya miguu ya mashine. "Watoto wengine," alisema, "walikuwa wanaruka. Wote kwa mara moja, kama walioambiana. Mimi nabaki nyuma, nawatazama midomo, namtafuta nani kawaambia." Akaigusa mashine. "Siku moja nimeegemeza kidevu kwenye hii, kwa kuchoka tu. Ikanigonga hapa." Akagusa kidevu. "Nikaruka. Niliruka pamoja nao."

Chuma cha kiwandani, Mzee Halisi akaongeza sasa kwa maneno yake mwenyewe, hukalishwa juu ya vipira ili mbao zisiibe mlio. Kile cha Mwanasarakasi kilipopasuka, alikata springi ya lori akaifunga moja kwa moja kwenye mbao, bila mpira, iwe ya kushikizia tu mpaka kipande halisi kipatikane. Kilikuwa kizito, na mbao zikaiba kila kitu. Kilichobaki hewani kilikuwa kikohozi. Kilichoingia kwenye mbao kilikuwa cha mwanawe.

"Babu yako alikuwa ananiuliza kila mwaka kama kimepatikana," akasema, na akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Nikamwambia bado. Sikumdanganya. Kitu usichokitafuta hakipatikani."

Hebu fikirini. Mtu aliyesafiri siku nzima kwa ajili ya kipigio akakikataa kwa harufu. Mtu aliyempoteza rafiki kwa ajili ya rangi ya mdomo. Mtu huyo alikaa miaka yote hiyo, siku baada ya siku, mita chache kutoka kwenye bandia yake mwenyewe, na hakuitafutia dawa, kwa sababu hakutaka ipone.  Mama Mkubwa aliketi kwenye kreti la pili, kisu cha keki kikiwa bado kimesimama mkononi kama mshumaa.

Spana ndiye aliyetapatapa kwanza. "Mzee, nakutengenezea kingine. Leo leo. Springi za lori si zimejaa tele? Nakata, natoboa, nafunga."

"Utanitengenezea bandia ya Kikohozi?" Mzee Halisi aliuliza, wala si kwa hasira. "Kile ndicho halisi, mwanangu. Chako kitakuwa hadaa."

Basi tulikwenda kukitafuta: binti, Spana na mimi. Mzee Halisi alikataa kuja. Alisema hawezi kusimama mbele ya lundo la vyuma akamwomba mtu amrudishie bandia, watu wangemsikia.

Uwanja wa vyuma chakavu uko nyuma ya maduka ya matairi. Mama mwenye uwanja alikuwa anapanga mzigo, maana lori la kiwanda cha kuyeyushia lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Alitusikiliza akiwa amejishika kiuno.

"Nyie watu wa michezo!" akasema. "Kitu mnanipa kwa mkono wa kulia, mnakifuata kwa mkono wa kushoto. Mliniambia takataka. Ningejua kina wenyewe ningekivisha gauni!"

"Mama, tusaidie," Spana akasema. "Ni kipande cha springi ya lori, kina matundu mawili."

"Kina matundu mawili." Alicheka mpaka akakaa. "Haya baba, njoo." Akatupeleka kwenye kona moja. Gereji fulani ilikuwa imemletea springi kuukuu, zimekatwakatwa, na kila kipande kilikuwa na matundu. Lilikuwa lundo la kunifika kiunoni. Vyote vya kahawia, vyote vina kutu, vyote ndugu. Spana akaokota kimoja, akakirudisha. Akaokota kingine.  Yeye ndiye aliyekifungua Kikohozi kwa mikono yake, na hakukijua, kwa sababu macho yake siku ile yalikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona kabisa. Nilikuwa nakijua kwa sauti tu, na hewani sauti ya springi moja na nyingine ni ileile, ghoh na ghoh.

Binti akatazama huku na huku, akaliona sanduku tupu la mbao, akaliburuta mpaka karibu. Akaweka kiganja ubavuni mwake. Kwa mkono mwingine akatuonyesha: wekeni juu, kandamizeni, gongeni. Spana akaweka cha kwanza, mimi nikakikandamiza, akakigonga kwa nyundo, macho yetu kwa binti. Akatikisa kichwa. Cha pili. Akatikisa kichwa. Kingine. Kingine. Mama wa chakavu mwanzoni alikuwa anatugunia kwa mbali, "Maajabu haya, mtu anachagua chuma kama tikiti maji." Baadaye nikaona anatuletea vipande yeye mwenyewe, anavipangusa kwa kanga. "Na huyu? Na huyu je? Mjaribu na huyu mfupi." Jasho lilikuwa linatutiririka. Lundo lilikuwa linahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na nikaanza kuogopa lile litakalotokea likiisha.

Spana akagonga kimoja, kibovu kama wenzake.

Binti hakutikisa kichwa. Wala hakukubali kwa kichwa. Aliruka. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, aliruka juu kwa miguu yote miwili katikati ya vyuma chakavu, na mama wa chakavu akaruka kwa kushtuka, na Spana akaruka na nyundo yake, na mimi, ambaye sijawahi kuruka mbele za watu tangu darasa la kwanza, niliruka. Wote kwa mara moja. Safari hii aliyetuambia alikuwa yeye.

Mama wa chakavu alikataa katakata tumpe chochote. Alisema tu tukirudi kumletea takataka tuiulize kwanza kama ina ndugu.

Jumatatu Kikohozi kilirudi nyumbani. Spana alikuwa tayari na bisibisi, lakini Mzee Halisi akamnyang'anya, akampa binti. Binti akalala chali chini ya Mwanasarakasi kama fundi wa magari, baba akamshikia taa, na akakifunga mwenyewe: moja kwa moja kwenye mbao, bila mpira. Tong ilifungwa kwenye kitambaa cheupe, ikalazwa tumboni pembeni ya mwenzake aliyepasuka. Mama Mkubwa aliitazama inavyoingia humo, baada ya bidii yake yote, akashusha pumzi ndefu. "Basi tena," akasema. "Angalau inajua ilipo." Kisha akaomba naye aweke kiganja. Alikaa hapo raundi nzima. Aliponyanyuka akaenda ofisini akafunga mlango.

Nami niliweka. Sitawaeleza kulikoje, kwa sababu Ijumaa mtaweka wenyewe.

Ikabaki kadi. Ile mpya niliyokuwa nimeiandika kwa ajili ya Jumamosi, isiyo na "isipokuwa", niliitoa kwenye kioo. Karakana ilikuwa imejaa: Mama Mkubwa, Spana, binti, mchoraji wa mabango aliyekuwa amekuja kuchungulia kulikoni, wote wananitazama. Nikasubiri lugha zangu zinitoroke kama kawaida yake. Moja ikabaki.

"Chuma cha tatu nikiandikeje, Mzee?" nikauliza. "Halisi au hadaa?"

Mzee Halisi alicheka. Alicheka na kusahau kufunika mdomo, na sote tukaliona lile jino, jeupe kupita wenzake, likiwa limesimama katikati bila aibu yoyote.

Kadi mpya iko mahali pake. Someni wenyewe, kwa lugha mnayoitaka: "Vipande vyote ni vya kiwandani, isipokuwa chuma cha tatu cha mlio, ambacho hakibadilishwi."

Mzee wetu, kwa niaba ya ukumbi wote nakushukuru: kwa mashine zilizofufuka, kwa pua yako, kwa kutufundisha kushika sheria na kwa kutuonyesha ile moja uliyoivunja. Tulikuwa tunakusifu kwa mambo uliyoyafanya kwa mikono, na hatukujua kwamba kubwa kuliko yote ni lile uliloliacha bila kulitafuta. Ijumaa utacheza raundi ya mwisho na mwanao, na wageni wote wanaombwa kuweka kiganja ubavuni mwa Mwanasarakasi, popote palipo na nafasi. Pumzika kwa moyo mtulivu, ule vizuri, ulale mchana bila kuulizwa na mtu, na Mungu akujalie siku nyingi za raha na wajukuu zako. Koti lako ondoka nalo, na jino lako mfukoni. Kikohozi chako kitabaki hapa kinakohoa, na tukiruka, jua kwamba umetuambia.